Doa lililomshinda Bob Marley

Simama stendi ya Muthurwa jioni utazame nganya zikiingia. Hutakaa sana kabla sura ya Bob Marley haijapita ubavuni mwa moja, dredi zimetapakaa hadi dirishani. Muziki wake unaujua. Lakini je, unajua kwamba kilichomuua kilianzia kwenye kidole cha mguu?

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945, kijijini Nine Mile, Jamaica. Alilelewa na mamake, Cedella, na utotoni wakahamia Trench Town, mtaa wa makabwela jijini Kingston. Ukiwa wa Eastlands, maisha hayo unayaelewa bila kuchorewa: familia nyingi, ploti moja, na mpira kila palipo na nafasi.

Mwaka 1963 alianzisha Wailers na wenzake, wakiwemo Peter Tosh na Bunny Wailer. Desemba 1976 alipigwa risasi nyumbani kwake. Siku mbili baadaye alikuwa jukwaani. Huyo ndiye msee ambaye doa dogo lilikuja kumshinda.

Mwaka 1977 aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia akicheza mpira. Jeraha likakataa kupona. Madaktari walipochunguza, wakapata melanoma, saratani kali ya ngozi, chini ya ukucha. Mpira haukuileta, ulifanya tu kidole kiangaliwe.

Alishauriwa kidole kikatwe. Akakataa, kwani imani yake ya Rastafari ilitaka mwili ubaki mzima. Alikubali ukucha na nyama ya chini yake viondolewe, kisha akapandikizwa ngozi kutoka pajani. Akarudi kazini. Mwaka 1978 alizuru Ethiopia, na Aprili 1980 akaimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Ukimtazama, ungesema yuko fiti.

Septemba 1980 alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park, New York. Saratani ilikuwa imefika ubongoni. Siku mbili baadaye akapiga shoo yake ya mwisho, Pittsburgh. Matibabu ya miezi kadhaa Ujerumani hayakumwokoa. Alifariki Miami, Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36 pekee.

Sasa turudi kwako. Labda uliwahi kutolewa baka lisilo la kawaida, ukasahau, na juzi umeona jingine jipya. Usiku hulali, mchana unajiambia ngozi nyeusi haipati saratani. Hapo unajidanganya. Aina iliyomuua Marley hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na kwa watu weusi ndiyo melanoma inayoonekana zaidi. Haihitaji jua.

Usipanic pia. Madoa mengi hayana neno. Ila likibadilika umbo au rangi, likiwa na kingo zisizo sawa, likipita milimita 6, likitoa damu au likikataa kupona, nenda hospitali uombe kuonwa na daktari wa ngozi. Mwambie kuhusu lile la zamani hata asipouliza. Akitaka kukata kipande kipimwe, kubali; jicho pekee halitoshi.

Leo ukifika keja, vua viatu. Kabla ya kuosha miguu, inua unyayo uutazame vizuri, na katikati ya vidole pia. Ni dakika moja tu.