Shong Lue Yang, mkulima aliyewaachia Wahmong maandishi yao

Mwezi Februari mwaka 1971, katika milima ya Laos, askari walimuua mkulima mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 41. Mtu huyo hakuwahi kuketi darasani, wala hakujua kusoma lugha yoyote iliyoandikwa katika nchi yake au nchi jirani. Hata hivyo, maelfu ya watu walikuwa wakimfuata ili wajifunze mwandiko alioubuni mwenyewe, na wakubwa wa jeshi waliuogopa ufuasi huo. Jina lake lilikuwa Shong Lue Yang. Wahmong wengi humkumbuka kwa jina la heshima la Mama wa Maandishi, ingawa alikuwa mwanamume, kwa kuwa katika lugha yao neno mama hubeba pia maana ya chimbuko la kitu.

Wahmong ni watu wa milimani. Asili yao ni kusini mwa Uchina, na katika karne ya 19 vita na mateso viliwasukuma wengi wao kuvuka mipaka na kuingia Vietnam, Laos na Thailand. Popote walipofika walikuwa wachache, na hawakuwa na dola yao. Kile walichokuwa nacho kilikaa kinywani na masikioni: nyimbo za majibizano za vijana wakati wa mwaka mpya, hadithi za wazee, maneno ya waganga na nasaba za koo.

Utajiri huo wa mdomo haukuwa jambo la burudani tu. Mtu anapofariki, mjuzi wa mila huimba utenzi mrefu wa kumwonyesha marehemu njia. Utenzi huo huirudisha roho nyuma, kijiji baada ya kijiji, kupitia kila mahali marehemu alipopata kuishi, mpaka ifike mahali alipozaliwa na kondo la nyuma lilipozikwa. Humo roho huchukua kondo hilo kama vazi lake, kisha huendelea na safari kuelekea kwa mababu. Hupulizwa pia qeej, ala ya mianzi yenye mirija sita, ambayo sauti zake hufuata mipando na mishuko ya maneno, hata wajuzi husema kwamba ala hiyo haipigi muziki bali inazungumza. Mjuzi akifariki bila kumrithisha mtu, sehemu ya njia hiyo hupotea pamoja naye.

Pengine ndiyo sababu Wahmong wana visa vingi juu ya kitabu kilichopotea. Baadhi ya wazee husimulia kwamba zamani walikuwa na maandishi, lakini yalizama mtoni walipokuwa wakiwakimbia Wachina. Wengine husema kitabu kililiwa na farasi wakati watu wamelala kwa uchovu. Wako pia wanaoamini kwamba herufi za kale zilifichwa na wanawake katika michoro ya darizi za sketi zao. Katika visa hivyo matumaini ni mamoja, kwamba siku moja kitabu kitarudi.

Shong Lue Yang alizaliwa mwaka 1929 upande wa Vietnam, karibu na mpaka wa Laos. Aliishi kwa kulima, kama majirani zake. Mwaka 1959 alitangaza kwamba Mungu amemtuma awarudishie maandishi Wahmong na Wakhmu, kabila jingine la milima hiyo, na kwamba wajumbe wa mbinguni ndio waliomfundisha herufi hizo. Wafuasi wake husimulia kuwa wajumbe hao walizaliwa nyumbani mwake kama watoto pacha na hawakuishi muda mrefu. Mwenye kuamini ataamini. Lakini hata asiyeamini hukutana na jambo gumu kulieleza, nalo ni ubora wa kazi yenyewe.

Kihmong ni lugha ya toni, na toni zake hufika saba au nane kwa hesabu za wanaisimu. Silabi moja inayofanana na po huweza kumaanisha mpira, mwiba, bibi mzaa baba, kutupa au kuona, kutegemea sauti inavyopanda, inavyoshuka au inavyokatika. Mtu anayebuni maandishi ya lugha kama hiyo hana budi kuisikia silabi na kuigawa: sauti ya mwanzo, irabu, kisha toni. Mwandiko wa Shong Lue, uitwao Pahawh, hufanya hivyo hasa. Kila silabi huandikwa kwa herufi mbili, na cha ajabu ni kwamba irabu pamoja na toni yake hutangulia kuandikwa, ingawa konsonanti ndiyo inayotangulia kutamkwa. Kwa Shong Lue, irabu ndiyo iliyokuwa moyo wa neno.

Historia inamjua mtu mwingine asiyejua kusoma aliyebuni maandishi ya watu wake, yaani Sequoyah wa Wacherokee wa Marekani, katika miaka ya 1820. Yeye alitoa alama moja kwa silabi nzima. Kuipasua silabi na kuzipa sehemu zake alama ni hatua ya mbali zaidi, na mkulima wa Vietnam aliifikia bila kitabu cha sarufi. Wala hakuridhika na jaribio la kwanza. Aliurekebisha mwandiko wake mara kwa mara, akipunguza alama zisizo za lazima na kuzipanga upya za toni, hata yakapatikana matoleo manne, la mwisho likiwa la mwaka 1971 wenyewe.

Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Laos ilikuwa imegawanyika kati ya serikali ya kifalme na wapiganaji wa kikomunisti wa Pathet Lao waliosaidiwa na Vietnam Kaskazini, na Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likiendesha huko vita vya siri kwa kuwatumia wanajeshi wa Kihmong chini ya Jenerali Vang Pao. Wakomunisti walimshuku Shong Lue kuwa kibaraka wa upande wa pili, naye akalazimika kuhamia Laos. Huko nako, umati ulipozidi kumwendea, watu wa Vang Pao wakamshuku kuwa wakala wa wakomunisti. Herufi ambazo hakuna ofisa yeyote aliyeweza kuzisoma zilitosha kuwa ushahidi kwa kila upande.

Alikamatwa na kufungwa Long Cheng, makao makuu ya jeshi la Vang Pao. Hata akiwa kifungoni aliendelea kuuboresha mwandiko na kuwasiliana kwa barua na mwanafunzi wake, Chia Koua Vang. Hatimaye alitoroka, lakini hakupata muda mrefu wa uhuru kabla ya kuuawa. Mwandiko aliowabunia Wakhmu ulififia. Ule wa Wahmong ulibaki mikononi mwa wanafunzi wachache, wakati vita vikiendelea kuteketeza vijiji.

Mwaka 1975 Wakomunisti walitwaa madaraka. Vang Pao aliondolewa kwa ndege pamoja na wachache waliobahatika, na makumi ya maelfu ya Wahmong walitembea msituni kuelekea mto Mekong ili wavuke kwenda Thailand. Wengi walikufa njiani au walizama mtoni, na kisa cha kale cha kitabu kilichozama kikapata uchungu mpya. Katika kambi za wakimbizi, kubwa yao ikiwa Ban Vinai, wanawake walianza kudarizi vitambaa vya namna mpya, vyenye picha za watu, ndege za kivita na mto, ili vita visimuliwe kwa uzi. Kutoka huko familia zilitawanywa Marekani, Ufaransa, Australia na hata Guyana ya Ufaransa.

Chia Koua Vang alikuwa miongoni mwa waliofika jimbo la Minnesota, Marekani, naye alikuja na mafundisho ya mwalimu wake. Huko alikutana na mwanaisimu William Smalley. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Smalley alikuwa mmoja wa wamisionari watatu waliotunga mwandiko wa Kihmong kwa herufi za Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1950, yaani mwandiko ulioshindana na ule wa Shong Lue. Mtu mwingine angeutetea wake na kunyamaza. Smalley aliketi na Chia Koua Vang na mfuasi mwingine, Gnia Yee Yang, wakaandika kwa pamoja historia ya Mama wa Maandishi, iliyochapishwa mwaka 1990. Bila ushirikiano huo, ulimwengu wa nje ungejua machache sana kumhusu. Mwaka 2014 herufi za Pahawh, pamoja na alama za koo za Kihmong, ziliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa Unicode unaoziwezesha kompyuta na simu kuonyesha maandishi.

Hata hivyo, Wahmong wengi leo huandikiana kwa herufi za Kilatini, kwa kuwa ni rahisi kuzichapa na watoto huzikuta tayari shuleni. Pahawh imebaki kwa wachache wanaoithamini kama alama ya kwamba Wahmong nao wana chao. Na shida iliyokuwapo kabla ya Shong Lue haijaisha. Vijana waliozaliwa ughaibuni mara nyingi huelewa Kihmong cha jikoni, lakini hawafuati maneno ya kale ya msibani, na baadhi ya wajuzi wamekubali utenzi uandikwe au urekodiwe ili wanafunzi waukariri.

Utenzi wenyewe umerefuka. Mzee aliyefariki Saint Paul huanza kuonyeshwa njia kutoka mtaa wake wa Minnesota, huvushwa bahari hadi kambi ya Thailand, huvuka tena Mekong, kisha hupanda milima ya Laos, jina la kijiji baada ya jina la kijiji, mpaka mlangoni pa nyumba aliyozaliwa.