Maisha ya Robert Bosch, Fundi wa Kipimo



Tunajua wote zile kamyo za mazuti zinazopanda mlima wa Ngomo, kutoka Kamanyola kwenda Bukavu. Kwa zile za zamani, mara nyingi utakuta jina BOSCH limeandikwa juu ya pompi inayopeleka mafuta ndani ya moteri. Tumesikia vijana wengi wakisema eti pompi ile inaongezwa nguvu nyumbani, kwa kugeuza visi moja tu. Basi leo tunawaletea maisha ya mwenye jina lile, ili tuone kama maneno hayo ni ya kweli.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni. Robert alipelekwa Ulm kujifunza ufundi wa vyombo vidogo vidogo, lakini bwana wake hakujali sana kumfundisha. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Ndiyo maana mwaka 1913, alipokuwa tayari na mali, alifungua karakana ya kufundishia vijana ndani ya kiwanda chake.

Mwaka 1884 alivuka bahari akaenda Marekani, akafanya kazi katika karakana za Edison kule New York. Kisha akapita Uingereza, akarudi kwao. Tarehe 15 Novemba 1886 akafungua karakana yake mwenyewe mjini Stuttgart. Watu wake walikuwa wawili tu: fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu na madeni.

Kilichomwinua ni chombo cha kutoa cheche za kuwasha moteri. Mwaka 1902 mfanyakazi wake Gottlob Honold alikitengeneza vizuri zaidi, pamoja na buji yake, na magari mengi ya esansi yakakitumia. Mwaka 1906 Bosch aliwapa wafanyakazi wake siku ya kazi ya saa 8, wakati viwanda vingi vilikuwa bado vinawachosha watu kwa saa nyingi zaidi.

Sasa tufike kwenye pompi. Moteri ya mazuti ilivumbuliwa na Rudolf Diesel, naye alikufa mwaka 1913. Moteri ile haina buji: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, kisha mazuti yanaingia na kuwaka yenyewe. Lakini zamani mazuti yalisukumwa kwa hewa ya nguvu, na mashini ya kubana hewa ile ilikuwa nzito. Kwa kiwanda ao kwa meli ilifaa, kwa kamyo ilikuwa shida. Karibu na mwaka 1924 kamyo za kwanza za mazuti zilianza kuonekana Ujerumani, lakini kila kiwanda kilihangaika na pompi yake.

Bosch aliona mbele. Mwishoni mwa 1922 aliamua kiwanda chake kitengeneze pompi ya mazuti. Walijaribu namna nyingi, wakatupa, wakaanza tena. Ni mwaka 1927 tu ndipo pompi zilianza kutoka kwa wingi. Karibu miaka mitano kwa chombo kinachobebwa mikononi!

Kwa nini muda mrefu vile? Ndani ya pompi ile kila silinda ya moteri iko na pistoni yake ndogo. Nafasi kati ya pistoni na kikombe chake ni elfu chache tu za milimita, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Pistoni iko na mkato wa mshazari. Ikizungushwa kidogo, mazuti yanaongezeka ao yanapunguka. Silinda zote zinapaswa kupata kipimo kimoja, kwa wakati wake kamili.

Sasa yule anayegeuza visi nyumbani anafanya nini? Ni kweli, anaongeza mazuti, na pengine kamyo itapanda mlima kwa nguvu zaidi. Lakini hewa haikuongezeka. Mazuti yasiyopata hewa yanatoka kuwa moshi mweusi, moto unazidi ndani, na pistoni za moteri zinaweza kuyeyuka. Mwenye kutaka nguvu ya kweli anatafuta pia hewa, kama kwa turbo, tena anapeleka pompi kwa fundi mwenye meza ya kupimia. Nyumbani tufanye kazi ya nyumbani: kubadilisha filtri, kutoa maji ndani ya mazuti ya mapipa, kutoa hewa ndani ya mipira. Mara nyingi kamyo inayosemwa imechoka, iko tu na filtri iliyojaa uchafu.

Turudi kwa Bosch. Uzee wake ulikuwa mchungu. Hakumpenda Hitler. Yeye na wakubwa wa kiwanda walisaidia Wayahudi, wakampa kazi Goerdeler, mpinzani wa serikali ile. Lakini kiwanda kilekile kilitengeneza vyombo vya vita, na wakati wa vita watu wengi walilazimishwa kufanya kazi mle. Hatuwezi kuficha jambo hilo. Alikufa Stuttgart tarehe 12 Machi 1942.

Wenzetu, mtu huyu hakupata sifa kwa kuongeza nguvu tu, bali kwa kupima. Yeye mwenye karakana, pesa na mafundi wengi alingoja karibu miaka mitano. Na sisi, mbele ya kushika tournevis, tujiulize kwanza: tutapima na nini?