Clara Schumann, Mjane Mpiga Piano

Sisi tukaao Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, twaujua mzigo wa mjane mwenye watoto. Basi twawaletea habari za Clara Schumann wa Ujerumani, aliyewalisha wanawe kwa kazi ya vidole vyake.

Alizaliwa Leipzig mwaka 1819. Baba yake alimfundisha piano, naye alipokuwa na miaka 9 alipiga mbele ya watu wengi. Mwaka 1840 aliolewa na Robert Schumann, mtunzi wa muziki, ingawa baba alikataa hata shauri likafika barazani.

Mwaka 1846, katikati ya kulea watoto wadogo, Clara alitunga muziki wa vyombo vitatu: piano, fidla na selo. Katika muziki wa namna hii kila chombo kina neno lake; kimoja hunena, vingine hujibu. Mwenyewe aliudharau alipoulinganisha na kazi za mumewe.

Mwaka 1854 Robert aliugua akili, akafa mwaka 1856. Watoto saba wakabaki mikononi mwa mama yao. Clara akasafiri mji kwa mji, hata Uingereza, akipiga piano, mara nyingi pamoja na Joachim, mpiga fidla hodari. Lakini tangu hapo karibu aliacha kabisa kutunga.

Alifundisha Frankfurt tangu mwaka 1878, akafa huko mwaka 1896. Na muziki ule alioudharau hupigwa hata leo. Tusiidharau upesi kazi ya mikono yetu.