Foucault na siri ya jairoskopu
Kila nionapo watoto wa hapa Kampala wakizungusha pia ya mti, humkumbuka Mfaransa Léon Foucault. Alizaliwa Paris mwaka 1819, akasomea udaktari, akauacha kwa kuogopa damu.

Mwaka 1851 alining'iniza tufe kwa waya wa mita 67 katika jengo la Panthéon. Lilivyobembea, mwelekeo wake uligeuka polepole, ushahidi kuwa dunia huzunguka. Kwetu, karibu na ikweta, lisingegeuka kiasi cha kuonekana.

Mwaka 1852 akaunda gurudumu la kasi ambalo mhimili wake hubaki palepale dunia ikigeuka. Akaliita jairoskopu, kwa Kigiriki kitazama mzunguko. Hilo lingefaa hata Kampala.

Alifariki mwaka 1868 akiwa na miaka 48. Rubani anayetua Entebbe gizani bado anamhitaji.