Sokoine na Miaka ya Kufunga Mkanda

Kwetu Nakwa, pale Babati, wazee humtaja Sokoine kama mtu wa nyumbani. Kabla Mkoa wa Manyara haujaundwa mwaka 2002, Babati ilikuwa Arusha, na Monduli alikozaliwa Edward Moringe Sokoine mwaka 1938 ilikuwa Arusha hiyohiyo. Mimi nasoma uchumi, na kila tukifundishwa mdororo baada ya vita, namkumbuka yeye.

Aliingia TANU mwaka 1961, akawa mbunge mwaka 1965, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972 na Waziri Mkuu mwaka 1977. Cheo hicho alikipata wakati mgumu. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, tukalazimika kuanzisha mashirika yetu ya reli na ndege. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepaa, ikaanza kushuka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera.

Vita tulishinda, lakini vilitugharimu dola zinazokadiriwa kufika milioni 500. Malori ya kusomba mazao yalipelekwa vitani. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei tena. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Ikageuka kuwa miaka.

Sasa wasomi wenzangu, tazameni mdororo unavyojilisha wenyewe. Dola zikiisha, kiwanda kinakosa vipuri. Kiwanda kikilala, sabuni, sukari na khanga zinaadimika. Mkulima akiuza mahindi halafu dukani hakuna kitu, msimu ujao analima ya kula tu. Nchi inakosa mazao ya kuuza nje, na dola zinazidi kupungua.

Sokoine alijiuzulu mwaka 1980 kwa sababu za afya, akarudi Februari 1983 akiwa Waziri Mkuu tena. Mwezi uliofuata ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Maghala yalifunguliwa, bidhaa zikakutwa zimefichwa. Kwa mtu aliyeshinda kwenye foleni ya sabuni, hiyo ilikuwa haki yenyewe. Lakini wengi walikamatwa kabla sheria haijatungwa, na ilipotungwa iliwanyima washtakiwa dhamana na mawakili. Hilo nalo tulihesabu.

Kwa mtazamo wangu, mlanguzi alinenepa kwenye uhaba, ila uhaba ulikuwepo kabla yake. Bei ya serikali ilikuwa chini mno, na shilingi ilipewa thamani isiyokuwa nayo. Msako uligawa kilichofichwa, basi. Kiwanda kilichokosa vipuri kilibaki kimelala. Bajeti ya Juni 1984 ndiyo iliyoruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa tena.

Sokoine hakuiona bajeti hiyo. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akiwa na miaka 45. Nchi ililia, kwa sababu watu waliamini mikono yake ni safi.

Leo sukari ikipanda tu, utasikia watu wanataka Sokoine mwingine. Hata mimi namtaka, jamani. Ila akija, kabla hajagonga mlango wa ghala, apite kwanza kiwandani aulize vipuri, kisha aje Nakwa amuulize mkulima mahindi yake yananunuliwa bei gani.