Apolo Kivebulaya, mchungaji aliyerudi Boga

BUNIA – Kila tarehe 30 mwezi wa tano, Waanglikana wa Ituri humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyefariki Boga siku hiyo mwaka 1933. Tangu 2021, siku hiyo inaleta pia majonzi mengine. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 mwaka huo, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, katika eneo la Irumu, kusini mwa Bunia, wakaua watu zaidi ya 50. Shambulio hilo lilihusishwa na waasi wa ADF. Maelfu walikimbia, na tangu hapo wengi wamejiuliza kama warudi au wasirudi. Apolo naye alikutana na swali hilo, na kwa ajili ya Boga hiyo hiyo.

Alizaliwa Buganda mnamo 1864, akaitwa Waswa kwa kuwa alikuwa pacha. Kwa muda alikuwa Mwislamu, akapitia vita vya dini vilivyoisumbua Buganda, kisha akabatizwa mwaka 1895 kwa jina la Apolo. Jina Kivebulaya, maana yake kilichotoka Ulaya, alipewa kwa sababu ya koti la Kizungu alilovaa pamoja na kanzu yake.

Mwishoni mwa 1896 alitoka Toro, akavuka milima ya Ruwenzori na mto Semliki hadi Boga. Walimu wawili Waganda waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa njaa, baada ya kugombana na chifu Tabaro. Apolo hakuona haya kushika jembe. Lakini mafundisho yake juu ya pombe na ndoa za wake wengi yalimkasirisha chifu, naye akapata mateso.

Siku moja dada yake chifu alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika majani ya kujengea, akafa. Apolo alishitakiwa kwa kifo hicho, akafungwa minyororo na kupelekwa gerezani Fort Portal. Baadaye alisimulia kwamba katika siku hizo za giza alimwona Kristo akimtia moyo aendelee kuhubiri.

Alipoachiliwa, angeweza kubaki Toro, ambako kazi ya kanisa ilikuwa nyingi. Alirudi Boga. Tabaro alishangaa kumwona tena, na mwishowe chifu huyo aliyemtesa akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alipewa upadri mwaka 1903, akatumika tena Toro kwa miaka mingi. Wakati huo mpaka ulibadilishwa, Boga ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Hata hivyo alirudi mara nyingine, akakaa huko hadi kufa kwake. Kuanzia 1921 aliingia msituni kuwahubiria Wambuti. Hakuoa, na alijulikana kwa kugawa alichokuwa nacho.

Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ingawa desturi ilikuwa kuelekea mashariki. Alitaka watu wajue kwamba kazi haijaisha. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hii wakapata askofu mkuu wao wenyewe.

Si haki kumtumia Apolo kuwahukumu waliokimbia. Yeye alirudi bila mke wala watoto wa kuwahofia. Mama aliyetoka Boga usiku na watoto wake ana hesabu nyingine ya kufanya. Wala Boga haikuwa na usalama aliporudi. Amani ilikuja polepole, hadi aliyefungwa na aliyemfungisha wakaketi katika kanisa moja. Ituri bado inaisubiri siku ya namna hiyo.