Abu Kamil, Mpiga Hesabu wa Misri

Abu Kamil Shujaa bin Aslam aliishi yapata mwaka 850 hadi 930 Miladia. Alijulikana kwa lakabu ya al-Hasib al-Misri, yaani mpiga hesabu wa Misri.

Al-Khwarizmi wa Baghdad alikuwa ameshaandika kitabu cha al-jabr, ambacho sehemu yake kubwa ni ya wasia na mirathi. Abu Kamil alikiendeleza. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, lakini cha 10 hakiandikiki kwa namba kamili wala kwa sehemu. Waarabu walikiita kipeuo cha namna hii asamm, kiziwi. Abu Kamil alivijumlisha na kuvizidisha vipeuo hivyo, na anahesabiwa wa mwanzo kuvikubali katika al-jabr kuwa ni majibu halali.

Na tukitaka kukikadiria hicho cha 10? Chukua 3, mraba wake 9, imebaki 1. Igawe kwa 6, maradufu ya 3. Unapata 3 na sehemu moja ya sita, ambayo mraba wake ni 10 na sehemu moja ya 36. Fundi wa nyumba inamtosha.

Masuala yake mengi yamo katika vitabu vya Leonardo wa Pisa, Italia, wa karne ya 13. Allah amrehemu.